Mawazo Yanavyoufikia Moyo: Ushauri kwa Wakazi wa Somanda

Moyo wa binadamu una chanzo chake wenyewe cha mapigo. Kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia kuna fundo dogo la seli linalozalisha umeme bila kungoja amri ya ubongo, na likiachwa peke yake hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Hata hivyo, mtu mzima mwenye afya aliyeketi kwa utulivu kwa kawaida hukutwa na mapigo 60 hadi 80. Tofauti hiyo ni kazi ya neva. Neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni, huushika moyo usikimbie kama kijana anavyoshika kamba ya maksai wa plau: akilegeza, mwendo unaongezeka papo hapo, akivuta, unapungua. Upande wa pili zipo neva za simpathetiki, zinazotoka kwenye uti wa mgongo, ambazo huuhimiza moyo upige kwa kasi na kwa nguvu. Pande hizi mbili hufanya kazi usiku na mchana bila mwenyewe kuzifikiria, na ndiyo njia kuu ambayo hofu, hasira, huzuni na mawazo huufikia moyo.

Katika kata ya Somanda, mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, jambo hili halihitaji kuhubiriwa. Mtu akianguka kwa kiharusi, majirani husema alikuwa na mawazo mengi. Mama akikutwa na presha kliniki, ndugu huanza kuhesabu misiba na madeni yaliyompata mwaka huo. Maelezo hayo yana ukweli mkubwa ndani yake, pamoja na kosa moja la hatari. Ukweli ni kwamba msongo wa muda mrefu hudhuru moyo na mishipa kwa njia zinazojulikana na kupimika. Kosa ni kudhani kwamba presha huja na mawazo na kuondoka nayo, hivyo kwamba aliyetulia amepona na anaweza kuacha vidonge. Kosa hilo limewapooza watu ambao dawa yao ilikuwa ndani ya nyumba, na ndiyo sababu linastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko jambo jingine lolote hapa.

Mkulima wa Meatu au Itilima anayelinda shamba usiku, akisikia tembo wameingia kwenye mahindi, hubadilika mwili mzima ndani ya sekunde chache. Sehemu ya ubongo inayotambua hatari, iitwayo amigdala, hutoa taarifa kwa haipothalamasi, nayo huamsha neva za simpathetiki. Tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Mapigo hupanda, moyo hukaza kwa nguvu, mishipa ya ngozi na ya utumbo hubana, ile ya misuli ya miguu hutanuka, ini hutoa sukari, na damu yenyewe huwa tayari kuganda upesi endapo kutatokea jeraha. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Ni mpango mzuri. Tembo wakiondoka, vegasi hurudisha mapigo chini, mishipa hulegea, na moyo wenye afya haupati madhara yoyote.

Shida huanza pale ambapo hatari haina mahali pa kukimbilia. Simiyu ni mkoa unaoongoza Tanzania kwa pamba, na pamba ni zao linaloweka fedha ya mwaka mzima mikononi mwa hali ya hewa na bei. Mbegu hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinapokuja; mauzo huanza Mei. Katikati kuna ada za shule, dawa za kunyunyizia, vibarua wa palizi, na chakula cha nyumbani. Msimu wa 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo wakati soko la dunia linashuka. Wanunuzi wakasita, na wakulima wakasubiri malipo ya pamba waliyokwisha kuipeleka kwenye chama cha msingi. Anayesubiri fedha hizo huku akidaiwa mkopo wa kausha damu hana wa kupigana naye wala mahali pa kukimbilia. Mwili wake, hata hivyo, hujibu vilevile kama umeona tembo, kwa kiwango kidogo zaidi, lakini kila siku na kila usiku.

Mwitikio huo usiozimika hufanya kazi yake polepole. Neva za simpathetiki huziagiza figo zibakize chumvi na maji, na kutoa renini, kimeng'enya kinachoanzisha mfululizo wa kemikali za kubana mishipa. Hapo presha hupanda kwa sababu mbili kwa pamoja. Homoni ya kotisoli, inayotoka kwenye tezi zilezile za adrenali, huongeza sukari katika damu na mafuta ya tumboni. Kuta za mishipa midogo, zikisukumwa kwa nguvu kwa miaka, huwa nene na ngumu, na zikishakuwa hivyo presha hubaki juu hata siku ambayo mwenyewe ana furaha. Misuli ya moyo upande wa kushoto nayo hunenepa kwa kubeba mzigo, na moyo ulionenepa hulegea vibaya kati ya pigo na pigo, hivyo damu hurudi nyuma kwenye mapafu na mtu huanza kukosa pumzi akipanda kilima kidogo. Ndani ya mishipa mikubwa, utando laini unaoigusa damu hujeruhiwa na mafuta hupata mahali pa kujishikiza.

Ushahidi wa mambo haya haukutoka kwenye maabara za wanyama peke yake. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004, uliwahoji watu zaidi ya 24,000 katika nchi 52, Kenya ikiwa mojawapo. Waliokuwa wamepata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza walitaja msongo wa kazini, wa nyumbani na wa fedha katika mwaka uliotangulia mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa umri na jinsia ileile wasioumwa. Mtu aliyenusurika kifo huweza kuyakumbuka matatizo yake kwa uzito kuliko aliye mzima, kwa hiyo matokeo hayo peke yake yasingetosha. Mwaka 2017 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, walieleza jambo jingine: waliwafuatilia watu 293 ambao ubongo na mishipa yao ilikuwa imepigwa picha maalumu, na wakaona kwamba wale ambao amigdala yao ilifanya kazi kwa nguvu zaidi walikuwa na uvimbe zaidi kwenye kuta za mishipa, na ndio waliopata magonjwa ya moyo na kiharusi mara nyingi zaidi miaka iliyofuata. Uboho wa mifupa ulionekana kuwa kiungo cha kati, kwani ndio unaotoa seli nyeupe zinazochochea uvimbe huo.

Pamoja na hayo yote, presha haisikiki. Hii ndiyo kauli ambayo kila kaya ya Somanda ingefaidika kuikumbuka. Mtu mwenye namba ya juu 170 anaweza kulima, kucheza ngoma na kulala vizuri bila kuumwa kichwa hata siku moja, huku figo, macho na ubongo vikiharibika. Na mtu ambaye moyo unamdunda hadi anausikia masikioni, viganja vikilowa jasho, anaweza kupimwa na kukutwa na presha ya kawaida kabisa. Anachokisikia ni neva zake. Presha ni jambo jingine linaloonekana kwenye mashine tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua.

Kutokana na kutegemea hisia, makosa mawili hujirudia. La kwanza ni la anayemeza vidonge siku anazojisikia vibaya na kuviacha akijisikia vizuri; presha yake hupanda na kushuka ovyo, jambo linaloweza kuidhuru mishipa zaidi. La pili ni la anayepata kizunguzungu au udhaifu, akaambiwa na jirani kuwa ni presha ya kushuka, akalambishwa chumvi au kunyweshwa soda. Kama kweli presha yake ilikuwa juu, chumvi hiyo imeongeza tatizo. Hakuna mtu, hata mganga mwenye uzoefu au muuguzi mstaafu, anayeweza kujua presha ya mtu kwa kumtazama uso.

Kupima nako kuna utaratibu wake, na msongo huweza kuharibu kipimo. Aliyetoka Nkololo au Dutwa kwa baiskeli, akafika foleni akiwa anahema, akapimwa papo hapo, atapata namba ya juu kuliko ile ya kweli. Vilevile wapo ambao presha hupanda kwa kuliona koti jeupe tu. Mpimwaji anatakiwa akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Mkanda wa mashine ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta, na uwe wa ukubwa unaolingana na mkono; mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Vipimo viwili vichukuliwe kwa kupishana dakika moja au mbili. Namba za 140 kwa 90 au zaidi zikirudi siku tofauti, hiyo ni presha ya juu, mawazo yawepo au yasiwepo. Mwenye mashine nyumbani apime asubuhi na jioni kwa siku 7 na kuandika kwenye daftari. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85. Kila mtu mzima apime walau mara moja kwa mwaka, na aliyezaliwa na wazazi wenye presha, mwenye kisukari, au mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba, apime mara nyingi zaidi.

Si kila moyo uliopoteza mwendo wake wa kawaida unasumbuliwa na mawazo, na kwa Simiyu ipo sababu moja ambayo haitajwi inavyostahili. Baadhi ya viuatilifu vinavyonyunyiziwa kwenye mazao ni vya kundi la organofosfati. Sumu hizi hushambulia neva moja kwa moja: huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ileile ambayo vegasi huitumia kuupunguza mwendo wa moyo. Kemikali hiyo ikirundikana, mtu hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, tumbo hukata na kuharisha, mboni za macho huwa ndogo sana, kifua hubana kwa makohozi, misuli hurukaruka, na moyo huweza kwenda polepole mno au kubadilikabadilika. Aliyekuwa shambani na bomba la kupulizia mgongoni akaanza dalili hizi asiambiwe apumzike kivulini. Avuliwe nguo zilizolowa dawa, aoshwe mwili kwa sabuni na maji mengi, na apelekwe hospitali haraka pamoja na chupa ya dawa au karatasi yake ya maelezo, ili waganga wajue cha kumpa. Atropini ndiyo dawa inayotumika. Anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi asije naye akaipata sumu hiyo kupitia ngozi. Mvua zikinyesha na upuliziaji ukipamba moto, kinga za nguo ndefu, buti na kitambaa cha pua si anasa.

Zipo sababu nyingine za kukumbukwa kwa ufupi. Upungufu wa damu huufanya moyo ukimbie, na kwa wajawazito na watoto wa ukanda wa malaria ni jambo la kawaida. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya kasi, kukonda na kutetemeka mikono. Mtoto aliyeugua koo mara kwa mara bila kutibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Na mama aliye mwishoni mwa ujauzito au aliyejifungua miezi michache iliyopita, anayevimba miguu na kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, huenda misuli ya moyo wake imedhoofika. Asiambiwe kuwa ni uchovu wa kulea wala kwamba ametupiwa jini. Anahitaji kupigwa picha ya moyo bila kuchelewa.

Huzuni ya ghafla ni sura ya pekee. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali waliyoiita takotsubo, ambamo chumba cha kushoto cha moyo hutanuka kwa chini na kushindwa kukaza baada ya pigo kubwa la moyoni, kama vile kifo cha mwenzi. Mgonjwa huumwa kifua na kupata vipimo vinavyofanana na vya shambulio la moyo, lakini mishipa ya moyo hukutwa haijaziba. Sehemu kubwa ya wanaopata hali hii ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa, ila baadhi hufa siku za mwanzo. Kwa hiyo mjane anayeshika kifua msibani na kuishiwa nguvu asizungukwe na watu wa kumwambia ajikaze, atafutiwe usafiri. Ipo pia hofu ya ghafla isiyo na sababu ya nje: moyo hudunda, pumzi huwa za haraka, midomo na vidole hufa ganzi, mtu huamini kwamba anakufa, na hali hufikia kilele ndani ya dakika kama 10 kisha hupungua. Hofu hii hutibika vizuri. Lakini mara ya kwanza, hasa kwa aliyepita miaka 40, maumivu ya kifua yahesabiwe kuwa ni ya moyo hadi kipimo cha umeme wa moyo kiseme vingine.

Katika kuutuliza mfumo wa neva, njia ya haraka kuliko zote ni pumzi, kwa kuwa ni kazi inayojiendesha yenyewe lakini ambayo mtu anaweza kuiongoza kwa hiari yake. Mtu akivuta hewa mapigo hupanda kidogo. Akiitoa, vegasi huyapunguza. Kupumua taratibu, kama mara 6 kwa dakika, kwa kuvuta hewa kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, huvipa nguvu vipokezi vya presha vilivyo kwenye mishipa ya shingo na juu ya moyo. Dakika 10 asubuhi na jioni zinatosha, mtu akiwa amekaa kitini au kwenye mkeka. Kuimba kwaya, kisomo na dhikri vina mwendo huohuo wa pumzi ndefu ya kutoa, na anayevipenda hana haja ya kutafuta zoezi jingine. Njia hii hupunguza presha kwa kiasi kidogo. Haichukui nafasi ya dawa kwa anayezihitaji.

Usingizi una uzito mkubwa zaidi kuliko watu wengi wanavyoupa. Usiku presha ya mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na saa hizo ndizo mishipa hupumzika. Anayekesha shambani, mlinzi wa ghala, dereva wa bodaboda anayetafuta abiria hadi usiku wa manane, na mama lishe anayeamka saa tisa kuwasha moto, wote hupoteza mapumziko hayo. Wanaolinda mazao dhidi ya tembo wanafaa wapangiane zamu na majirani ili kila mmoja alale usiku kamili mara kadhaa kwa wiki. Ni heri kulala saa sita kwa mfululizo kuliko kusinzia vipande vipande usiku kucha kila siku. Vinywaji vya kuongeza nguvu havirudishi usingizi uliopotea: kafeini yake huzichochea neva zilezile za simpathetiki, na anayevinywa chupa mbili tatu kwa zamu huupiga moyo wake mjeledi. Anayekoroma kwa nguvu, akikatika pumzi usingizini na kushtuka, amweleze daktari, kwani kila kukatika huko hupandisha presha.

Tumbaku ni adui wa moja kwa moja. Nikotini hutoa adrenalini hata kwa mtu asiye na wasiwasi wowote, na hilo ni kweli kwa sigara na kwa ugoro wa wazee pia. Mvutaji husema sigara humtuliza. Kinachotulia ni hamu ya nikotini iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Pombe nayo, gongo ikiwamo, huleta usingizi wa mwanzo wa usiku na kuuvunja alfajiri, kisha hupandisha presha kwa anayekunywa kila siku. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Chakula cha asili cha Usukuma kina nafasi nzuri hapa: michembe na matobolwa, mlenda, kunde, maziwa na matunda vina chumvi kidogo, na viazi vitamu vina potasiamu inayosaidia kushusha presha. Chumvi huingia zaidi kupitia samaki waliokaushwa kwa chumvi, viungo vya pakiti, na ile inayonyunyizwa mezani kabla ya kuonja. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kabla ya kuongeza vyakula vyenye potasiamu.

Dawa za maumivu zinahitaji kutajwa peke yake. Mgongo wa mkulima huuma, na diklofenaki hununuliwa dukani bila kuulizwa lolote. Dawa hiyo na ndugu zake, kama ibuprofeni, huzifanya figo zibakize chumvi, hupandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya presha. Mwenye presha anafaa kutumia parasetamoli kwa kipimo sahihi, na kueleza maumivu yake kliniki.

Kazi ya shamba ni mazoezi halali, ila huwa ya msimu. Baada ya mavuno wanaume wengi hukaa miezi kadhaa kwenye vijiwe, kisha Novemba huanza kushika plau kwa siku nzima. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku 5 za wiki huuweka moyo katika hali nzuri mwaka mzima na kuipa nguvu vegasi, ndiyo maana mapigo ya mtu wa mazoezi huwa machache akiwa amepumzika. Mfanyabiashara wa sokoni na mtumishi wa ofisini wanalihitaji hili kuliko mkulima.

Kuhusu chanzo chenyewe cha mawazo, ushauri wa kumwambia mtu asiwaze hauna thamani. Deni halipungui kwa kupumua. Panapowezekana, kaya iandike kwenye daftari kila inachodaiwa, nani anadai, na riba ni kiasi gani, kisha ilipe kwanza mkopo wa riba kubwa. Mzigo uliojulikana ukubwa wake husumbua usingizi kidogo kuliko ule unaokisiwa. Mkopo wa kikundi cha VICOBA, unaojadiliwa na watu wanaofahamiana, huwa na huruma kuliko ule wa mtu anayechukua kadi ya benki na kitanda. Sehemu ya fedha ya pamba ikitengwa siku ileile ya malipo kwa ajili ya chakula na shule, miezi ya Januari hadi Aprili huwa myepesi. Na upweke ni hatari kwa moyo kwa namna yake. Wasukuma wana mila ya kulima kwa vikundi, majembe yakienda kwa mdundo wa ngoma ya bugobogobo. Kazi hugawanywa, na pamoja nayo mtu hupata mahali pa kusemea yake. Mjane, mzee aliyeachiwa wajukuu, na kijana aliyerudi kutoka machimboni mikono mitupu ndio wanaosahaulika upesi, nao ndio wa kutembelewa. Huzuni inayozidi wiki mbili, ikiambatana na kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi na kutamani kufa, ni ugonjwa wenye tiba, na hospitali ndipo pa kuupeleka.

Vidonge vya presha huandikwa kulingana na mgonjwa. Amlodipini hulegeza mishipa. Dawa za kupunguza maji huzifanya figo zitoe chumvi ya ziada. Nyingine huzuia ule mfululizo unaoanzishwa na renini, na hizo mwanamke anayetarajia mimba hapaswi kuzitumia. Propranololi na atenololi huziba mlango ambao adrenalini huingilia moyoni. Aliyegundua propranololi, James Black wa Uskoti, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa za kundi hili haziachwi ghafla, kwa maana moyo uliozizoea huweza kukurupuka na kupata shambulio, na mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kuzipokea. Dawa za mitishamba zisichanganywe na vidonge kwa siri. Mhudumu wa afya akielezwa anaweza kuangalia kama zinagongana. Anayekwenda kulima mbali kwa mwezi mzima abebe dozi ya mwezi mzima, na siku chache za ziada.

Dalili zifuatazo hazingoji asubuhi: maumivu ya kubana katikati ya kifua yanayosambaa hadi mkono, shingo au taya, yakiwa na jasho baridi, kukosa pumzi hadi kushindwa kulala, kuzimia, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, au maneno kutoeleweka, na presha ya 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kuumwa kichwa sana, kuona ukungu au kuchanganyikiwa. Mgonjwa wa kiharusi asilishwe wala kunyweshwa chochote kabla ya kupimwa kama anaweza kumeza, na saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho ikumbukwe. Huduma ya kwanza hupatikana katika Hospitali ya Somanda na hospitali ya rufaa ya mkoa. Vipimo vikubwa zaidi viko Bugando, Mwanza, na upasuaji mgumu katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Anayepelekwa huko aende na kadi ya kliniki, daftari la vipimo vya nyumbani, vidonge vyote anavyotumia katika pakiti zake, na ndugu mmoja anayejua historia yake.